Watu Elfu na Tisa wa Shelewa

Hapo zamani, wakati kila mji wa pwani ulikuwa na sultani wake na kila sultani alikuwa na maradhi yake, palikuwa na mji uitwao Shelewa. Sultani wake aliitwa Ngwali, na maradhi yake yalikuwa jino.

Jino lenyewe lilikuwa la mwisho upande wa kushoto. Liliuma masika, likauma kipupwe, likamwondoa Sultani barazani na likamwondoa usingizini. Waganga wakaja na karafuu, wakaja na mizizi, wakaja na moshi, na jino likaendelea na kazi yake. Basi siku moja Sultani akaweka nadhiri mbele ya watu, akasema, "Jino hili likitulia, nitamlisha kila mwanamume mwenye paa na jiko katika Shelewa, siku moja, uwanja mmoja, wala hapana atakayebaki." Kesho yake jino likatulia. Ikawa nadhiri imefungika, na hapana pa kuikwepea.

Sasa Shelewa ilikuwa na desturi yake ya karamu, tena kali. Watu walikula kwa sinia, na kila sinia ilipaswa kuwa na idadi sawa na nyingine zote, maana mji ule ulikwisha kupigana fimbo kwa ajili ya sinia moja iliyokaliwa na watu wanne huku jirani yake ina saba. Tena hapana mtu kukalia sinia peke yake, kwani kula peke yako ni kwa mgonjwa na mfungwa. Tena hapana mkono kuingia katika chakula mpaka sinia zote zimetimia watu wake. Karamu iliyokosa mojawapo ya haya haikuwa karamu, na nadhiri iliyotimizwa kwa karamu hiyo haikuwa imetimizwa. Kila mtu alilijua hilo, na Sultani alilijua zaidi, kwa sababu jino lilikuwa lake.

Basi Waziri Badiri akatuma wahesabu, nao wakafanya kama wahesabu wa Shelewa walivyofanya siku zote. Walisimama kwenye lango la ikulu, wakaligeuzia lango mgongo, wakashuka na njia kuu mlango kwa mlango. Kila nyumba yenye paa lililokwisha kunyeshewa na masika, na jiko lenye moshi, walitia kete moja kapuni. Wakaenda hivyo mpaka nyumba ya mwisho kabisa, iliyoegemea ukuta karibu na lango la mji. Wakamwaga kete, wakazihesabu. Zilikuwa elfu moja na tisa.

Nyumba ile ya mwisho ilikuwa ya Vuai na mkewe Mize. Vuai alikuwa hana kitu. Mvivu hakuwa, taabu yake ni kwamba alifanya alichoambiwa, kile kile, bila kuongeza wala kupunguza. Tajiri mmoja alipata kumwambia afukuze ndege shambani kwake mpaka aone jua limezama. Siku ile mawingu yakafunga tangu alasiri, Vuai hakuliona jua likizama, basi akakaa. Alifukuza ndege usiku, ambao hawakuwapo, akafukuza na kesho yake mchana, mpaka jua lilipozama mbele ya macho yake ndipo akarudi. Mize ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula kule shambani, mtoto wao Riziki mgongoni. Watu walimwita Vuai mpumbavu. Mize hakumwita hivyo. Si kwamba aliwapinga, ila alikuwa na kazi nyingine za kufanya.

Ikawa siku chache kabla ya karamu wanaume wote wakaitwa uwanjani wapangwe, ijulikane sinia ngapi zitandikwe. Wanawake nao wakaitwa kutwanga mpunga upande wa pili wa uwanja, na Mize alikuwa miongoni mwao, mchi mkononi, akiona yote.

Waziri akawapanga watu wanane wanane. Wakapangika vizuri mpaka mwisho wa mstari, na mwisho wa mstari akabaki mtu mmoja. Alikuwa Vuai, kwa kuwa walisimama kwa kufuata nyumba zao.

"Wavunjeni," akasema Waziri. "Wapangeni saba saba."

Wakapangwa saba saba. Akabaki Vuai.

Wakapangwa tisa tisa, akabaki Vuai. Wakapangwa sita sita, wanne wanne, watatu watatu, na hata wawili wawili kama wachumba, na kila mara Vuai alibaki amesimama pale mwisho, mikono nyuma, akingoja kuambiwa aende wapi.

"Mama Riziki," akasema jirani wa Mize, mwanamke aitwaye Mwanakheri, "mumeo leo amekuwa kama ugonjwa."

"Twanga," akasema Mize.

Wakajaribu watano watano. Hapo wakabaki wanne: Sururu mshona viatu, majirani zake wawili, na Vuai. Waziri akasema, "Hii mbaya zaidi. Mmoja ametushinda, itakuwaje wanne?" Wakajaribu kumi kumi, wakabaki tisa, na Waziri akaona aibu hata kumtazama Sultani, aliyekuwa amekaa juu kwenye roshani, shavu kiganjani. Kumi na moja wakabaki wanane, kumi na tatu wakabaki wanane vilevile, kumi na saba wakabaki sita. Kumi na tisa walibaki wawili tu, na watu wakaanza kushangilia, kisha wakanyamaza. Jua lilikuwa kali. Waliposhindwa kwa thelathini na moja thelathini na moja, akasimama mzee mmoja wa elimu ya hesabu, Mwalimu Dadi, akapiga goti.

"Uishi dahari, bwana wangu. Waambie watu wakae kivulini. Hakuna haja ya kuendelea."

"Kwa nini?" akauliza Sultani. "Bado hatujajaribu arobaini."

"Bwana wangu, tukiweka watu arobaini katika sinia, sinia zenyewe hazitafika thelathini na moja. Na kama sinia chache hivyo zingeweza kugawana watu hawa sawasawa, tungekwisha kuona, maana kila idadi ndogo hiyo tumeijaribu. Kugawa watu kwa sinia na kugawa sinia kwa watu ni kazi moja iliyopinduliwa. Elfu na tisa ni hesabu isiyogawanyika. Ina mafungu ya aina mbili tu: fungu moja la watu wote, au kila mtu fungu lake."

Sultani akafikiri. "Sinia moja ya watu wote?"

Wakamwita mhunzi. Mhunzi akapima uwanja kwa macho, akasema sinia hiyo itakuwa kubwa kuliko uwanja, na atakayekaa ukingoni hataufikia wali ila kwa kutambaa juu yake.

"Na kila mtu sinia yake?"

Hiyo ilikuwa desturi ya wagonjwa na wafungwa. Jino la Sultani likapiga mara moja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Ndipo Waziri Badiri akanyanyuka. "Bwana wangu, shida si hesabu. Shida ni mtu mmoja. Elfu na nane hugawanyika kwa wanane, kwa saba, kwa tisa, kwa upendavyo. Tukimtoa mmoja mjini kabla ya karamu, paa lake likavunjwa na jiko lake likazimwa, nadhiri itatimia bila kasoro. Na mtu mwenyewe amekwisha kujionyesha. Leo kutwa anabaki yeye."

Watu wakamtazama Vuai. Mize akaushusha mchi, akausimamisha ndani ya kinu, akasikiliza.

"Ewe Vuai," akasema Sultani, "umesikia?"

"Labeka, bwana wangu. Nimesikia."

"Una la kusema?"

"Nina swali. Nikiondoka, nani atakuwa wa mwisho?"

"Atakuwa mwingine," akasema Waziri. "Lakini huyo atakuwa na sinia."

"Bwana wangu," akasema Vuai, akimwelekea Sultani, "nadhiri ilisema kila mwenye paa na jiko, wala hapana atakayebaki. Haikusema kwanza watu wavunjiwe mapaa."

Sultani akajipapasa shavu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye jino. Akasema, "Basi wewe unayeijua nadhiri yangu kuliko mimi, kazi hii nakupa. Siku ya karamu waketishe wote wenye paa na jiko, sinia sawasawa, asibaki mtu, asizidi mtu. Ukiweza, utakaa. Ukishindwa, utatoka kwa lango la mji kabla wali haujapoa, wewe na mkeo na wanao, na nyumba yako itavunjwa siku hiyohiyo. Na mizigo yenu iwe langoni tangu asubuhi, nisicheleweshwe."

"Nimesikia na nimetii," akasema Vuai.

Wakarudi nyumbani. Mize akasema, "Baba Riziki, Mwalimu Dadi amesoma tangu utotoni, naye amesema haiwezekani."

"Alisema elfu na tisa hawagawanyiki."

"Ndiyo."

"Mimi sikuambiwa niwaketishe elfu na tisa. Nimeambiwa niwaketishe wote wenye paa na jiko. Sijui ni wangapi. Lazima niwaone."

Mize akamtazama, kisha akaanza kukusanya vyungu.

Basi kesho yake Vuai akatoka na kapu la kete. Hakwenda ikulu kuanzia huko, kwani ikulu iko mbali na mlango wake mwenyewe uko hapo hapo. Akatia kete moja kwa ajili yake, akapanda na njia kuu mlango kwa mlango, akiangalia mapaa na kunusa moshi, mpaka njia ikaisha. Akarudi jua likielekea kutua, akamwaga kete sakafuni mbele ya Mize, aliyekuwa akifunga mikeka kwa kamba.

"Elfu na kumi," akasema.

"Umekosea."

"Nimehesabu mara mbili."

"Wahesabu wa Waziri walikuwa wengi, wewe uko peke yako. Umekosea."

"Huenda. Lakini mlango wa mwisho siwezi kuwa nimeukosea, ni mkubwa sana. Una misumari ya shaba, na askari wawili."

Mize akaacha kufunga. "Huo si mlango wa mtu."

"Una paa?"

"Una mapaa saba."

"Na moshi?"

Mize alifikiri juu ya majiko ya ikulu, ambayo moshi wake ulionekana tangu bahari kuu. Aliwaza kwamba mumewe sasa atauawa, na aliwaza kwamba hesabu ni sahihi, na mambo yote mawili yalikuwa na uzito sawa. Mwisho akasema, "Nishikie kamba hii hapa," akaendelea kufunga, akaikaza zaidi.

Siku ya karamu ikafika. Mize akaiweka mizigo langoni tangu asubuhi kama ilivyoamriwa: mikeka, vyungu, kinu, na watoto wakiwa wamekaa juu yake. Akaenda uwanjani kupakua, maana wanawake wa mji wote walikuwa na zamu, hata wanaofukuzwa. Pilau ilikuwa imeiva. Harufu yake ilizunguka mji, ikapita juu ya ukuta.

Vuai akawaketisha watu watano watano.

Waziri Badiri akamwendea, akamwinamia sikioni, lakini sauti yake haikuwa ya sikioni. "Mpumbavu wewe. Tano tulijaribu. Hubaki wanne."

"Kweli, bwana," akasema Vuai, akaendelea.

Sinia mia mbili na mbili zikatandikwa. Mia mbili na moja zikatimia. Ya mwisho, chini kabisa ya uwanja, ikakaliwa na Sururu mshona viatu, na majirani zake wawili, na Vuai mwenyewe. Mahali pa tano akatandika kipande cha mkeka safi, akanyoosha ncha zake, akanawa mikono, akakaa.

Mpiga mbiu akapaza sauti kama ilivyo desturi. "Sinia zimetimia?"

"Zimetimia," zikaitikia, moja baada ya moja, mpaka ikafika zamu ya ile ya mwisho.

"Bado," akasema Vuai.

Mpiga mbiu akatazama huku na huku. Hakuwa amepata kusikia jibu hilo. Akauliza tena, na Vuai akasema tena, "Bado."

Watu elfu na tisa wakakaa na mikono iliyonawa, wakiutazama wali. Hapana aliyethubutu kugusa. Mize, akiwa na upawa mkononi kando ya masufuria, aliona mafuta yanaanza kuganda pembeni mwa nyama, akawaza kwamba jambo hili liishe vyovyote, lakini liishe upesi.

Kutoka roshanini sauti ya Sultani ikashuka. "Mbona hawali?"

"Bwana wangu," akasema Waziri, "huyu mtu ameshindwa. Ana pengo."

"Ewe Vuai, umeshindwa?"

Vuai akasimama. "Sijui bado, bwana wangu. Nimeketisha wote waliokuja. Mmoja amechelewa."

"Nani huyo anayechelewa karamu yangu?"

"Jina lake sikuliuliza, niliona si adabu. Nyumba yake iko mwisho wa njia, juu kule. Ina mapaa saba na majiko yasiyozimika. Nilitia kete yake kapuni pamoja na za wengine."

Akasikika kuku wa jirani. Mtu mmoja akakohoa, akajuta.

"Mimi ndiye mwenye karamu," akasema Sultani polepole. "Mwenye karamu hahesabiwi."

"Hayo hayakuwamo katika nadhiri, bwana wangu. Lakini ukiyasema sasa, yamekuwamo. Basi naomba mpiga mbiu atangaze, watu wajue, nami nichukue mizigo yangu niende."

"Atangaze nini?"

"Kwamba Sultani wa Shelewa hana paa wala jiko katika Shelewa."

Waziri akaanza kusema juu ya heshima ya kiti, na juu ya mababu, na juu ya mshona viatu. Sultani hakumsikia, kwa sababu jino lilikuwa limeanza. Halikubisha hodi safari hii, liliingia. Akashika shavu kwa mikono miwili, akautazama ule uwanja, na zile sinia mia mbili na moja zilizotimia, na ile moja yenye mkeka mtupu. Akamtazama Mwalimu Dadi.

"Mwalimu. Elfu na kumi hugawanyika kwa watano?"

"Bila kubaki chochote, bwana wangu."

"Na ulijua?"

"Nilijua hesabu, bwana wangu. Sikujua kama ungeshuka."

Basi Sultani Ngwali akashuka. Alipita katikati ya watu, viatu vyake vikapigapiga, mpaka chini kabisa ya uwanja, akasimama juu ya mkeka. Magoti yake hayakuzoea, ikabidi Sururu ampe bega. Akakaa. Mpiga mbiu akauliza, "Sinia zimetimia?"

"Zimetimia," akasema Vuai.

Mikono ikaingia.

Sultani alikuwa tangu utoto akila peke yake nyuma ya pazia, taratibu, nyama ikimngoja. Sasa aliona kipande kizuri cha mbavu mbele yake, akakiazimia, akageuka kidogo kumwambia Vuai neno, na alipogeuka tena kipande hakipo. Sururu alikuwa akitafuna, macho chini.

"Kile kilikuwa changu," akasema Sultani.

"Kilikuwa katikati, bwana wangu," akasema Sururu, na mashavu yake yamejaa.

Sultani akamtazama kitambo. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka, kikubwa, mpaka watu wa sinia za juu wakageuka kuangalia. Alicheka mdomo wazi, upande wa kushoto na wa kulia, na ndipo alipotambua kwamba haumwi. Akaongeza mwendo wa mkono, akapata kipande kilichofuata.

Walipokwisha kula, akasema, "Badiri."

"Labeka, bwana wangu."

"Siku zote hizi mlikuwa mkinitafutia wa kumtoa."

Sultani hakungoja jibu. Akamgeukia Vuai. "Omba utakalo."

"Nimeshiba, bwana wangu," akasema Vuai, na ilikuwa kweli.

Mize aliweka upawa chini. Akaja mpaka ukingoni mwa sinia, akainama kwa heshima, mikono yake ingali na mafuta. "Uishi dahari, bwana wangu. Huyu ndivyo alivyo. Mimi ndiye nitakayeomba. Tunaomba tubaki katika nyumba yetu, na mpiga mbiu atangaze kwa sauti, watu wote wakiwa hapa."

"Hilo si zawadi, mama," akasema Sultani. "Nyumba ni yenu."

"Leo asubuhi haikuwa yetu."

Sultani akafuta mkono, akaamuru mpiga mbiu atangaze, naye akatangaza mara tatu, na Mize akasimama akasikiliza zote tatu. Kisha Sultani akawapa ng'ombe wa maziwa na ndama wake, akaamuru pia kwamba tangu siku ile wahesabu wa Shelewa waingie kwanza ndani ya lango la ikulu ndipo watoke. Na kwa kuwa shauri la kumtoa Vuai lilikuwa la Waziri, akaona ni haki Waziri airudishe mizigo kutoka langoni.

Basi Waziri Badiri akashuka mpaka lango la mji, kilemba kichwani, watu wakimfuata kwa mbali. Akauliza aanze na nini. Watoto wakateremka kutoka juu ya mizigo. Mize akatazama mikeka, akatazama vyungu, akamwonyesha kinu.

Hao ndio watu wa Shelewa na hivyo ndivyo walivyokula. Tumewaacha wakinawa mikono, nasi tunawe yetu.